Gemu ya bure ikiboronga, mchezaji ana haki ya kulalamika?

Mwanzisha mada, Kisauni

Jana barazani tulibishana hadi kahawa ikapoa vikombeni. Mada: eFootball 2022, gemu ya mpira ya bure iliyokuja kurithi PES (Pro Evolution Soccer). Jamaa mmoja akashikilia kwamba kitu cha bure hakina mdai. Hukununua, unalia nini? Nimeileta kwenu muamue. Msimamo wangu nautoa mapema: tulilipa.

Wasiokumbuka niwakumbushe. Jina la PES lilianza 2001, na wengi wetu huku Pwani limetulea. Leseni za kutumia majina ya klabu zilikuwa za kubahatisha, ndiyo maana kwenye matoleo ya zamani Liverpool iliitwa Merseyside Red na Chelsea ikawa London FC, na hakuna aliyejali. Septemba 2020 Konami, kampuni ya Kijapani inayoitengeneza, hawakutoa gemu mpya kamili. Walitoa PES 2021, ambayo ilikuwa ile ya 2020 iliyosasishwa vikosi, wakaeleza kwamba nguvu wamezipeleka kwenye toleo la mashine mpya za gemu, linalojengwa kwa Unreal Engine, programu ya kuundia gemu. Haya, tukangoja. Julai 2021 wakatangaza kwamba PES linazikwa, gemu itaitwa eFootball, na haitauzwa. Ikatoka tarehe 30 Septemba.

Wakati huo nilikuwa nasimamia kibanda cha gemu cha ami yangu, skrini tatu, mechi shilingi 20. Wiki nzima ubaoni nimeandika kwa chaki: PES MPYA IJUMAA. Usiku wa Alhamisi nikakesha naipakua. Ijumaa baada ya swala kibanda kimejaa, wengine wamesimama nje wakichungulia dirishani. Nikaweka Manchester United na Barcelona. Kamera ikamsogelea Ronaldo, na mtoto mmoja aliyekalia kreti ya soda akauliza, "Huyu nani?" Hakuwa anafanya mzaha. Macho kama ya samaki wa juzi, tabasamu limekwenda upande. Kibanda kizima kikaangua kicheko, na cheko lile lilikuwa langu, maana mwenye ubao ni mimi. Klabu za kuchagua, tisa. Master League, ile ya kuendesha klabu msimu baada ya msimu, hakuna. Kufika alasiri nimesharudisha diski ya PES 2021, na ubao nimeupangusa kwa mkono wa kanzu.

Sasa niambieni, watu walijaa kwa sababu ni bure? Walijaa kwa sababu ya jina, na jina lile lilijengwa kwa pesa za wanunuzi miaka 20. Lingeitwa toleo la majaribio, nami ningeandika ubaoni "majaribio", na tungecheka bila kinyongo.

Mtu wa Likoni

Niko na huyo jamaa yako wa barazani. Yakhe, ukialikwa pilau ukakuta chumvi imezidi, unakula kidogo unaondoka, hudai nauli. Tena ubao uliandika wewe, si Wajapani. Na watu wenyewe hawakujificha: siku ya pili tu waliomba radhi hadharani wakaahidi kurekebisha. Aprili 2022 likaja toleo la 1.0.0, na mambo yakatengenea. Leo panda feri uone vijana wangapi wameinamia simu wanacheza hiyo hiyo eFootball. Mlitaka wafanye nini zaidi?

Mwanzisha mada

La ubao umenipata, sina jibu. La pilau sikubali. Mwenye pilau hakukaa mwaka mzima akinipigia ngoma kwamba sahani hii itafuta sahani zote.

Halafu hiyo "bure" mbona ina shimo? Palikuwa na pakiti ya wachezaji iliyoanza kuuzwa kwa oda kabla gemu haijatoka. Toleo la 1.0.0 liliposogezwa mbele, Novemba, oda zikafutwa na watu wakarudishiwa pesa. Kurudisha walifanya uungwana, nawapa. Lakini kitu kisicho na bei kinarudishiwa pesa vipi? Na wale maelfu waliomwaga maoni ya hasira kule Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hadi gemu ikaburura mkia, wote walikuwa hawana akili?

Mtu wa Likoni

Hasira si deni. Mtu akikasirika haina maana anadai.

Dada wa Bondeni

Nyote mnabishana bei, na bei si kitu. Mwanzisha mada alichukia alasiri moja, kisha akatia diski yake ya zamani akaendelea na maisha. Kwenye simu haikuwa hivyo. Juni 2022 PES 2021 ya simu ilisasishwa ikawa eFootball yenyewe, haikubaki pembeni kwa anayeipenda. Ndugu zangu wawili hawakuzungumza siku hiyo, mmoja alisasisha simu ya mwenziwe bila kumuuliza. Kwa hiyo mimi nauliza swali jingine: mtu akikupa kipya bure na mkono wa pili akachukua cha zamani, hiyo ni zawadi au ni mbadilishano? Kama ni mbadilishano, basi lalama.

Na wewe wa Likoni, hao wa kwenye feri wengi wameanza kucheza baada ya kutengenezwa. Usiwatoe ushahidi kwa arusi wasiyohudhuria.

Mtu wa Likoni

Hapo kwenye simu nakubali nusu. Kwenye diski nimekataa.

Mwenye kibanda

Asalaam aleikum. Wateja wameniletea huu mjadala wananisomea wanacheka. Mwanangu, umesimulia vizuri, ila umeruka kidogo. Bando la usiku ule lilikuwa langu, umeme ulikuwa wangu, na Ijumaa ile uliwarudishia watu shilingi zao bila kuniambia, mechi kumi na moja. Hesabu nilikuta kwenye daftari. PES 2021 bado iko skrini ya kati, diski ina mkwaruzo, inagoma kidogo timu zikitoka uwanjani. Ukija Jumapili uje na kitambaa laini.