Kwa nini Titanfall 2 haikuuza, ilhali kila aliyeicheza anaisifu?

KijanaWaNakawa:

Ndugu zangu, habari za wikendi. Nimemaliza Titanfall 2 kwenye PS4 na bado kichwa kinazunguka. Diski nilipewa kama nyongeza tulipobadilishana magemu na jamaa mmoja hapa Nakawa, yeye aliona kama anatupa takataka. Nikaiweka nikitegemea gemu la kawaida la risasi. Banange! Ile hatua unayobonyeza kitufe ukarudi wakati uliopita: huku jengo ni magofu yameungua, kule taa zinawaka na walinzi wamejaa, na wewe unaruka katikati ya nyakati hizo mbili ukiwa bado hewani. Na BT, lile jitu la chuma, mwishowe nilikuwa nalijibu kwa sauti kama vile linanisikia. Mwenzangu wa chumba alidhani niko kwenye simu.

Nikaingia mtandaoni kusoma. Kila ninapofungua, watu wanasema ni kati ya magemu bora ya risasi ya miaka ile. Halafu mstari unaofuata: halikuuza. EA wenyewe, kampuni iliyolitoa, waliwaambia wawekezaji kwamba mauzo hayakufika walikotarajia. La tatu mpaka leo hakuna.

Sasa nielezeni. La kwanza lilijulikana, la pili likatoka bora zaidi, wachambuzi wakalipa alama za juu. Watu walikataa nini? Na msiniambie "matangazo" mkaondoka. Trela zilikuwepo, nimezitazama.

Fundi_Gulu:

Tarehe, kaka. Battlefield 1 ilitoka tarehe 21 Oktoba 2016. Titanfall 2 tarehe 28 Oktoba. Call of Duty: Infinite Warfare tarehe 4 Novemba. Wiki mbili, magemu matatu ya risasi, kila moja dola 60. Nani alikuwa na dola 180 za kuchezea? Kinachochekesha ni kwamba Battlefield na Titanfall zote ni za EA. Walijifyatulia wenyewe mguuni. Mjadala umeisha.

Shamim_Diski:

Umeisha kwako, Fundi. Mimi nauza diski zilizotumika hapa mjini Kampala, na wateja wangu hawajui hata mwezi gemu lilipotoka. Wanalikuta mezani baada ya miaka miwili au mitatu. Lakini nakubali kwamba huko Marekani wiki ya kwanza ina uzito wake, maana duka linaagiza kasha kulingana na lilivyotoka wiki ile. Titanfall 2 ilipoanza polepole, mapunguzo ya mwishoni mwa Novemba yaliikuta, ikauzwa karibu nusu bei na haijamaliza hata mwezi na nusu sokoni. Mtu aliyelipa dola 60 akiona hivyo, gemu lijalo la kampuni ile atalisubiri.

MzeeWaPedi:

Mdogo wangu wa Nakawa, mimi nina kibanda cha PlayStation hapa Arua. Jina la mzee nimepewa na watoto wanaokuja kucheza, mvi bado chache. Fundi amesema kweli kuhusu tarehe, ila tarehe peke yake inaacha swali kubwa zaidi. Ile Infinite Warfare ilichukiwa kabla hata haijatoka. Trela yake YouTube watu waliibonyezea kidole chini kwa wingi ambao gemu lilikuwa halijawahi kuuona. Na bado mwaka 2016 ndilo gemu lililoongoza kwa mauzo Marekani, na Battlefield 1 ikashika nafasi ya pili. Kwa hiyo lile lililozomewa likauza, lile lililosifiwa likakwama. Wiki zilikuwa zile zile, bei ile ile.

Mimi ninauliza hivi: tarehe 28 Oktoba, nani alikuwa amekaa anasubiri Titanfall 2?

Sehemu ya pili ya kitu chochote kwanza inanunuliwa na watu wa sehemu ya kwanza. Haya, watu wa kwanza ni akina nani? Titanfall ilitoka Machi 2014 kwa Xbox One na kompyuta, Xbox 360 ikafuata. PlayStation hapana. Na huko kwenye PlayStation ndiko umati ulikokuwa: kufikia Desemba 2016 Sony walitangaza kwamba wameuza PS4 milioni 50. Hawa wote, mara ya kwanza jina Titanfall linafika kwenye mashine yao, limebandikwa namba 2. Mtu wa kawaida akiona namba 2 anajiona amechelewa, hadithi ilishaanza bila yeye. Anapita. Tena wala hakukosa chochote, maana la kwanza halikuwa na hadithi ya maana!

Na hilo ndilo tatizo la upande wa Xbox. La kwanza lilikuwa la kupigana na watu mtandaoni tu. Ukikosa intaneti, huna gemu. Kwenye kompyuta lilikula kama gigabaiti 48, na 35 kati ya hizo zilikuwa sauti tupu zisizobanwa. Fikiria kuzishusha kwa data yetu hii. Halafu ramani mpya ziliuzwa kando, aliyenunua na asiyenunua hawakutani, vyumba vya kuchezea vikapungukiwa watu. Wengi walilipenda sana kwa muda mfupi, wakaondoka.

Hapo Respawn, studio iliyolitengeneza, wana makundi mawili mikononi: wasiowajua, na waliowajua wakaondoka. Wao walifanya kazi nzuri, kila lililolalamikiwa walilirekebisha. Hadithi wakaweka, ramani mpya wakatoa bure. Lakini marekebisho anayaona aliyekwisha kuingia ndani, na pesa inalipwa mlangoni.

Watch Dogs ni hivyo hivyo, ila uchungu wake ni mwingine. La kwanza, Mei 2014, liliuza nakala milioni 4 kwa wiki moja. Watu walipoliwasha wakaona picha si zile walizoonyeshwa kwenye maonyesho ya magemu ya E3 ya 2012. Likaja la pili Novemba 2016, lina San Francisco, lina uchangamfu, ni bora kwa kila hali. Likaanza kwa kusuasua na Ubisoft, kampuni yenye gemu hilo, wakakiri. Wa kwanza alikopa, wa pili akaja kudaiwa.

Sasa niseme la kibandani kwangu, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa mambo haya kuliko kwenye makala yoyote. Mechi kwangu ni shilingi 500. Vijana wawili, pedi mbili, skrini moja, anayefungwa anampisha mwenzake. Nikinunua diski nauliza jambo moja tu: wawili wanaweza kukaa hapa wakacheza pamoja? Mpira, ndiyo. Tekken, ndiyo. Mortal Kombat, ndiyo, ingawa mama mmoja jirani alikuja kulalamika juu ya damu. Titanfall 2 haina kucheza wawili kwenye skrini moja. Nililicheza nyumbani usiku, nikalipenda kama wewe, na kibandani sikuliweka hata siku moja. Ningeweka, kijana mmoja angekaa saa sita anaongea na BT na wenzake kumi wanaondoka.

Lakini FIFA, ambayo sasa inaitwa EA Sports FC, kila mwaka nalazimika. Kila mwaka vijana wanasema ni ile ile, wamebadilisha jezi tu. Halafu Mbappé akahama PSG kwenda Real Madrid mwaka 2024, na hakuna aliyekubali tena kumchezesha akiwa Paris. Kibanda cha ng'ambo ya barabara kilikuwa na FC 25 kabla yangu, wateja wangu nikawaona kule, nikaenda kununua. Sikuvutwa na sifa zake, nilifukuzwa na ligi.

Ndiyo maana nasema sifa hazimharakishi mtu. Gemu la hadithi likisifiwa, ninachosikia mimi mnunuzi ni kwamba litakuwa zuri hata mwakani, hata likiwa elfu 40. Basi nasubiri. Gemu wanalocheza marafiki zangu leo siwezi kulisubiri, mwakani watakuwa wamehamia kwingine. Call of Duty watu waliinunua wakiwa wanaitukana, kwa sababu kikosi chao chote kilikuwa kinaingia humo Ijumaa ile. Wewe mwenyewe, Nakawa, umelisifu Titanfall 2 leo, na EA hawakupata hata shilingi yako moja.

Fundi_Gulu:

Mzee, kwa maneno yako ubora hauna kazi. Basi watengeneze takataka zenye jezi mpya.

MzeeWaPedi:

Sikusema hivyo, Fundi, usinilishe maneno. Ubora una kazi, ila unalipa taratibu na mara nyingi unamlipa mtu mwingine. Tazama kilichofuata. EA waliinunua Respawn, makubaliano wakayatangaza Novemba 2017. Tarehe 4 Februari 2019 Respawn hao hao wakaachia Apex Legends, siku ile ile ilipotangazwa. Ni ulimwengu ule ule wa Titanfall na bunduki nyingi ni zile zile, majitu ya chuma tu ndiyo waliyoyatoa. Wiki moja, wachezaji milioni 25. Mwezi mmoja, milioni 50. Mikono iliyotengeneza ni ile ile. Kilichobadilika: bure, haina namba 2, ipo PlayStation na Xbox na kompyuta siku ya kwanza, na huwezi kuicheza vizuri bila kuwavuta wenzako wawili kwenye timu.

Na kumbuka aliyeiongoza Respawn ni Vince Zampella, mmoja wa walioanzisha Infinity Ward iliyozaa Call of Duty. Novemba ile ya 2016 alikuwa anashindana na mtoto wake mwenyewe. Mimi hilo linanisikitisha kuliko hesabu zote.

Shamim_Diski:

Mzee, Apex usiihesabu kabisa. Kuwapa watu kitu bure si kuuza. Milioni 25 walioingia bila kulipa, wangapi wangetoa dola 60? Hapo unachanganya umaarufu na mauzo.

Mimi nitataja jingine, maana hata hapa dukani linaonekana: Alan Wake 2. La kwanza lilitoka Mei 2010, na Marekani likagongana siku moja na Red Dead Redemption. Bahati mbaya ya kwanza. Miaka 13 ikapita. La pili likatoka tarehe 27 Oktoba 2023, wiki moja baada ya Spider-Man 2, na tuzo zikamiminika. Lakini lilitoka bila diski! Kupakua tu. Na kwenye kompyuta liliuzwa kwenye duka la Epic peke yake, kwa sababu Epic ndio waliolilipia. Kufikia Februari 2024 lilikuwa limeuza nakala milioni 1.3. Kwa Remedy, studio iliyolitengeneza, hiyo ilikuwa kasi ambayo hawajawahi kuwa nayo, na bado gharama zilikuwa hazijarudi. Diski ikaja Oktoba 2024, na ni baada ya kupita milioni 2 ndipo Remedy wakaanza kupata mgawo wao.

Hapo ndipo ninapotaka muelewe neno "halikuuza". Milioni moja ni nyingi au chache? Inategemea ulitumia kiasi gani kulitengeneza. Titanfall 2 nayo haikukosa wanunuzi, ilikosa wanunuzi waliotegemewa na EA kwa bei ya EA.

Na kwa hapa kwetu, gemu lisilo na diski ni kama halipo. Mteja wangu hana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, na akiwa nayo, kupakua gigabaiti 90 kunaweza kumgharimu kuliko diski yenyewe. Diski ikitoka London au Dubai, inapita mikono mitano kabla haijafa. Ndivyo jina la gemu linavyoenea Kampala. Alan Wake hapa wanaulizia watu wachache mno, na wengi wao ni wanafunzi wa Makerere wenye intaneti ya chuo.

Fundi_Gulu:

Shamim, mikono mitano hiyo kampuni imelipwa mara moja tu. Wewe na wenzako ndio mnaoua magemu!

Shamim_Diski:

Kale, nifungieni duka basi. Halafu huyo kijana wa Nakawa angelijulia wapi jitu lake la chuma?

KijanaWaNakawa:

Asanteni sana, hasa Mzee. Lile la namba 2 linanihusu kabisa: hata mimi niliwahi kuiona dukani nikasema ngoja nitafute la kwanza kwanza. Ila sijakubali yote. Mzee anasema gemu la hadithi linaweza kusubiri, lakini yako magemu ya hadithi tupu yanayouza mamilioni tangu siku ya kwanza. Spider-Man 2 hiyo aliyoitaja dada Shamim ni ya mtu mmoja, haina ligi wala kikosi, na haikusubiriwa.

Dada Shamim, hilo Titanfall la kwanza unalo? Nataka kuona lilivyokuwa.

MzeeWaPedi:

Spider-Man mtoto wa miaka mitano Arua anamjua, na filamu zake zimetafsiriwa na ma-VJ mpaka kwenye vibanda vya kijijini. Huyo alishauzwa kabla Sony hawajawasha kompyuta. Lakini umenibana, sikatai. Nitafikiria.

Shamim_Diski:

La kwanza achana nalo, mdogo wangu. Halikutoka kwa PlayStation kabisa, Respawn waliliondoa sokoni Desemba 2021, na siku seva zikizimwa hiyo diski ni kioo cha kujitazamia. Ila ukitaka kupima maneno ya Mzee, Watch Dogs 2 ya PS4 ninayo, elfu 45, kasha lake limepotea. Ukileta Titanfall 2 yako nakupunguzia kumi. Kuna mwingine ameiulizia, kwa hiyo uamue kabla ya Ijumaa.

KijanaWaNakawa:

Titanfall 2 siiachii. Nakuja na elfu 45 kesho jioni.