Fimbo ya pool ya kuchongesha: hii ni nzima au nimepigwa?

Wakuu, naombeni ushauri. Nimechongesha fimbo ya pool kwa fundi huku Keko, 80,000, vipande viwili vya kuunga kwa skrubu. Kwa macho inavutia: kitako cha mninga, vanishi inang'aa. Tatizo nikiiunga na kuiviringisha mezani, ncha inarukaruka. Nikiitenganisha, kila kipande kinaviringika vizuri tu. Nikipitisha ukucha kwenye kiungo unakwama, na nikigonga kitako sakafuni nasikia mlio kama kitu kimelegea ndani. Ngozi ya ncha, milimita 13, haina shida. Fundi anasema nitaizoea (eti!). Je, kiungo kinaweza kurekebishwa, au nimrudishie fimbo yake? Nimeshalipa nusu, iliyobaki anaitaka Jumamosi.