Mfupa wa kuku umenichoma kidole, sasa kimekuwa zambarau

Kisu_Butu: Hamjambo waungwana. Nachinja na kunyonyoa kuku wa gredi hapa Malindi, tunapeleka mahotelini. Siku nne zilizopita mfupa wa paja ulipenya glavu ukanichoma kidole cha shahada. Kimevimba, kinawaka moto, na ule wekundu una ukingo kama umechorwa kwa kalamu. Usaha hakuna. Msimamizi asema nikitie chumvi nirudi kazini. Tena wiki mbili nyuma niliharisha kwa homa, na leo mwanangu wa mwaka mmoja anaharisha. Ni maji ya kisima ama ni hii kazi?

Bi_Samaki: Pole mwanangu. Kidole hicho twakijua sisi wapara samaki. Usikikamue! Mimi nilikamua, nikakaa wiki tatu sishiki kisu.

Tabibu_Msafiri: Bi Samaki hajakosea. Nashuku erisipeloidi, ugonjwa wa bakteria Erysipelothrix. Hupatikana kwa samaki, nguruwe na ndege, na huingilia kwenye jeraha. Penisilini huuweza. Lakini nenda uonwe leo, na utaje kazi yako, la sivyo utatibiwa jipu. Homa ikipanda au wekundu ukikwea mkono, usingoje asubuhi; mara chache hufika moyoni.

Kuhara ni kitu kingine. Viini vya Campylobacter na Salmonella, viletavyo kuhara, hukaa matumboni mwa kuku asiyeonyesha ugonjwa wowote. Utumbo ukipasuka mkononi mwako, umeshavipata. Mtoto apelekwe pia, kinyesi kipimwe. Anyonye, apewe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili asiishiwe maji mwilini. Antibiotiki za kujinunulia dukani, hapana.

Mwana_Barani: Nilifanya kazi hiyo. Maji ya kulowekea mwabadilisha baada ya kuku wangapi? Yetu yalikuwa supu.

Kisu_Butu: Sitini hivi. Supu kweli. Aproni naja nayo nyumbani, mke huifua kwenye karai la nepi.

Mwana_Barani: Lo! Na wewe walaumu kisima. Aproni na gambuti vilale kazini, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujambeba mtoto. Glavu ni juu ya mwajiri, bure, kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Jeraha liandikishwe, hata akinuna.

Kisu_Butu: Nimerudi. Daktari alikitazama kidole akauliza, "Wauza samaki?" Nikacheka, nikamwambia kuku. Nimedungwa sindano, kinyesi cha mtoto kimechukuliwa. Aproni nimeifunga mfukoni, iko nje ya mlango.