Mji wa Kale usiku kwa HP5: meta inasema sekunde 15, negativu zinatoka tupu

Kijana wa Kibokoni

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Natumia Pentax K1000, lenzi ya 50mm f/2, mkanda wa HP5, filamu ya Ilford ya nyeusi na nyeupe. Napiga vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa, baada ya isha watu wakishapungua. Tripodi ipo, kebo ya shata ipo. Meta ya kupima mwanga, ya kwenye simu, nimeiweka 400, yaani kasi ya filamu hii. Nikifunga tundu la lenzi mpaka f/8 inaniambia sekunde 15, nami nahesabu 15 kamili. Mkanda ukirudi kutoka kusafishwa, taa zinaonekana, mlango ulio chini ya taa unaonekana nusu, na kilichobaki ni plastiki tupu. Ukuta hakuna, roshani hakuna. Fundi wa dukani anasema filamu imepitwa na wakati, ilhali tarehe ya kwenye boksi ni ya mwaka ujao.

Mchana, kwa meta hiyo hiyo na kamera hiyo hiyo, picha zinatoka safi. Usiku kinabadilika nini?

Halafu kuna muuza kahawa ninayemtamani. Hukaa pembeni mwa baraza, dele juu ya makaa, na akimimina, mvuke unapanda unashika mwanga wa taa. Huyo naye nimpige vipi?

Pwani Dijitali

Uza hiyo K1000 ununue ya dijitali, uone picha papo hapo. Kungoja mkanda usafishwe ni mambo ya enzi za babu.

Mzee wa Chumba cha Giza (Unguja)

Babu yuko hapa, anasoma.

Marahaba mwanangu. Kabla hujailaumu filamu, chukua huo mkanda uushike mbele ya dirisha, utazame pembeni kwenye matundu. Pale pana jina la filamu na namba za fremu, maandishi yaliyochomwa kiwandani. Yakiwa meusi na makali, usafishaji ulikwenda sawa. Yakiwa ya kijivu hafifu, fundi aliuharakisha au dawa yake imechoka. Na filamu iliyopitwa na wakati haitoki tupu: hutoka na ukungu mwili mzima, hata pale ambapo hukupiga kitu.

Dau langu ni kwamba utayakuta meusi. Shida yako ni ya filamu zote, nzee na mpya. Chembe ya fedha kwenye filamu haitosheki na fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga. Inataka kadhaa zifike zikifuatana kwa karibu. Mchana zinamwagika kwa wingi. Usiku inakuja moja, kimya, ikija nyingine athari ya ile ya kwanza imeshafutika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha filamu kinavuja. Meta haina habari ya huo mvujo, ndiyo maana taa yako imeandikika na ukuta haukuandikika.

Ilford wenyewe wametoa kanuni ya HP5: chukua sekunde za meta, zikizidi moja, uzipandishe kwa kipeo cha 1.31. Kikokotoo cha simu kinaweza. Sekunde 4 zinakuwa 6, si neno. 15 zako zinakuwa 35. 30 zinakuwa kama 86, na dakika nzima inakuwa dakika tatu na nusu. Umeona zinavyokimbia? Tri-X ya Kodak ni kali zaidi, 10 za meta zinataka 50. Acros ya Fujifilm ndiyo mvumilivu: mpaka sekunde 120 huongezi kitu, ila ukiipata Mombasa uniambie duka.

Sasa, ukiongeza muda kwa ajili ya ukuta, taa nazo zinazidi kuungua. Hapo ndipo kazi ya dawa. HP5 kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyochanganywa na maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Mimi hushusha mpaka 6. Vivuli havipotei, taa zinatulia.

Lakini dawa peke yake haitoshi, namna ya kusimama nayo ni muhimu. Brassaï, mpiga picha aliyeipiga Paris usiku miaka ya 1930, alikuwa akiificha taa nyuma ya mti au pembe ya ukuta, na alipenda ukungu na mvua kwa sababu vinausambaza mwanga. Muda alikuwa akiupima kwa sigara: Gauloise moja kwa mwanga wa kadiri, Boyard palipokuwa na giza zaidi. Sigara waachie Wafaransa, taa ifiche. Nyinyi mna roshani zinazoning'inia kila upande. Sogea hatua mbili mpaka nguzo ya roshani iifunike balbu, kisha utazame chokaa ya ukuta wa pili inavyoanza kutoa mabonde na mikwaruzo yake yote. Na masika usilale ndani. Kichochoro kilicholowa kina taa mbili, ya juu na ya chini.

Tena usiogope weusi. Wengi wanataka usiku utoke kama mchana uliofifia. Sehemu kubwa ya fremu na iwe giza, bora mlango usomeke.

Binti Kariakoo

Mzee kamaliza, mimi nadandia kwa muuza kahawa. Kwa sekunde 35 utapata dele na kivuli cha kanzu. Fungua lenzi mpaka f/2, weka meta 1600, utapata 1/30 hivi akiwa karibu na taa. Ikishindikana 1/15 ukiwa umeegemea ukuta. Kwa hiyo mkanda mzima unapiga kwa 1600, na usafishwe kwa muda wa 1600: ID-11 dakika 14, au dakika 11 kwa dawa ya Microphen, ambayo hutunza vivuli zaidi. Mwambie fundi mapema, na umwandikie kwenye kopo. Na ukae unywe kahawa kwanza, kamera baadaye.

Ukisafisha mwenyewe, jihadhari na maji. Hapa Dar ya bomba yanatoka vuguvugu mwaka mzima, na hizo dakika zote ni za nyuzi 20. Chupa za dawa naziweka ndani ya beseni lenye barafu, kipimajoto mkononi.

Pwani Dijitali, nawe sikia: chini ya zile taa za manjano za sodiamu, picha ya rangi ukiigeuza nyeusi na nyeupe, vidhibiti vya bluu na kijani havikusaidii kitu, kwa sababu mwanga wenyewe karibu wote ni wa manjano. Sogeza mwanga na vivuli, rangi ziache.

Kijana wa Kibokoni

Mzee, maandishi ya pembeni ni meusi tititi. Nimefurahi na nimekasirika pamoja. Swali la mwisho: ndani ya hizo sekunde 35 watu hupita, na bodaboda pia. Nifunge shata nianze upya?

Mzee wa Chumba cha Giza (Unguja)

Usifunge. Mpita njia asiyesimama haachi alama, labda awe na tochi ya simu, hiyo itachora mstari. Akisimama kusalimiana, utapata mzimu. Bodaboda ikiingia na taa, ziba lenzi kwa kofia bila kuigusa kamera, usimamishe kuhesabu. Ikishapita toa kofia, uendelee ulipoachia.