Tupeane uzoefu: kuishi mtaa wa kodi nafuu, mbali na kazini

Hesabu Kwanza
Kuna anayehamia mitaa ya mbali kwa sababu kodi ni nusu ya ile ya mjini, na kuna anayerudi baada ya miezi michache. Naomba tujaze hapa yale ambayo dalali hayasemi. Hadithi za nani aliteseka vipi tuziweke pembeni, tutoe vipimo.

Naanza na muda. Pima mlango hadi mlango, usipime kituo hadi kituo. Dakika 75 za kwenda na 75 za kurudi ni saa mbili na nusu kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni saa 55, karibu siku saba nzima za kazi za saa nane. Halafu usilinganishe kodi na kodi, jumlisha nauli kwanza. Center for Neighborhood Technology, taasisi ya Chicago, huihesabu nyumba kuwa nafuu pale gharama za nyumba na usafiri kwa pamoja zisipozidi asilimia 45 ya kipato. Nyumba inayokula asilimia 20 na nauli asilimia 28 imeshavuka mstari. Ya asilimia 30 yenye nauli asilimia 10 iko ndani, ingawa kwenye tangazo inaonekana ghali.

Baraza
Hilo la mlango hadi mlango liandikwe kwa herufi kubwa.

Saa Kumi Alfajiri
Kwenye usafiri watu wengi hawajui magari yanavyobebana. Gari likichelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi kituoni. Kuwapandisha kunalichelewesha tena, na la nyuma yake, likikuta vituo vitupu, linalifikia. Ndiyo sababu ukishasubiri nusu saa yanakuja mawili kwa mpigo: la kwanza limejaa mpaka mlangoni, la pili lina nafasi. Kabla hujang'ang'ania mlango, tazama nyuma.

La pili, kama unakaa vituo viwili au vitatu kabla ya mwisho wa njia, geuza nalo. Panda linaloelekea mwisho, kaa, lizunguke nawe. Safari ya saa moja na robo ukiwa umesimama si sawa na ya saa moja na nusu ukiwa umekaa. Na toka mapema, saa 10 alfajiri barabara ni yako.

Mtaa wa Mwisho
Mkuu, la kugeuza nalo sawa, lakini usiwatume watu barabarani saa 10. Usingizi nao ni gharama. Foleni ina ukingo, na ukingo huo unatafutwa. Andika saa ya kutoka na saa ya kufika, kila siku sogeza mbele dakika 15, kwa wiki mbili ili Jumatatu na Ijumaa zisikudanganye. Utafika mahali ambapo kuchelewa kutoka dakika 15 kunazaa kuchelewa kufika dakika 40. Toka dakika 20 kabla ya hapo, inatosha.

Saa Kumi Alfajiri
Ukingo huo ukinyesha mvua unahama. Anayeingia zamu saa 12 hawezi kucheza na makisio.

Mtaa wa Mwisho
Mwenye zamu ya saa 12 hana hiari, hilo nakubali. Nasemea anayeingia saa 2.

Hesabu Kwanza
Wote mna haki kwa saa zenu. Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba watu, tangu walipotembea kwa miguu hadi walipopata magari, wamekuwa wakitumia takriban saa moja kwa siku kusafiri. Chombo kikiongezeka kasi wanahamia mbali zaidi. Ukivuka saa hiyo mara mbili na nusu, lazima kitu kingine kikatwe, na mara nyingi ni usingizi.

Jirani wa Bondeni
Mnaongelea magari, mimi mmenikumbusha karo la maji taka ya choo lililopaa kutoka ardhini. Nyumba ya kona, karo la plastiki la lita 3000, limefukiwa bondeni ambako mvua zikikolea maji yanakuwa nusu mita tu chini ya ardhi. Choo kikaanza kurudisha. Wakadhani karo limejaa, likaitwa gari la kunyonya jioni, likavuta hadi tone la mwisho. Usiku kucha mvua. Asubuhi karo lilikuwa limechomoza nusu mita juu ya ua, udongo umepasuka kulizunguka, nyufa za upana wa kiganja, mfuniko umelala upande. Bomba la kutoka chooni lilikatika kwenye kiungio, na kila aliyemwaga maji ndani alikuwa anayamwaga chini ya baraza. Wapangaji wa vyumba sita, choo kimoja, siku tisa. Na aliyesimamia kazi alikuwa anamhimiza kijana ateremke ndani kuangalia kama chini pametoboka.

Mama Ndoo
Mungu wangu! Aliteremka?

Jirani wa Bondeni
Alizuiwa mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi.

Fundi wa Chemba
Aliyemzuia aliokoa maisha. Ndani ya karo, hata tupu, kuna haidrojeni salfaidi. Kidogo inanuka yai bovu. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla usidhani pamekuwa salama. Mtu anaanguka, wa pili anateremka kumwokoa, wanakuwa wawili. Hakuna kuingia bila kifaa cha kupima gesi, hewa ya kupeleka ndani na kamba yenye watu wa kuivuta juu. Kushusha mshumaa si kipimo, gesi hiyo na methani vinawaka.

Sasa kwa nini lilipaa. Karo la lita 3000 likizungukwa na maji linasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 3000. Lenyewe tupu lina uzito wa kilo mia na kitu. Udongo wa juu, tuseme mita 2 kwa 1.5 kwa unene wa sentimita 30, ni mita ya ujazo 0.9. Udongo ukiwa ndani ya maji hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, unabaki kukandamiza kwa kilo kama 800 kwa kila mita ya ujazo. Jumla hata kilo 1000 hazifiki. Karo ni mtumbwi uliofukiwa.

Na halikuwa limejaa. Shimo la kufyonzea maji ndilo lilikuwa limeshiba, ardhi haikuwa na pa kuyapeleka. Ukivuta, unanunua siku mbili, halafu maji yanarudi.

Baraza
Basi mtu afanyeje? Choo kinarudisha na mvua haijakata.

Fundi wa Chemba
Punguza maji yanayoingia: ya kuogea na kufulia yatoe njia nyingine kwa muda. Ukilazimika kuvuta, vuta theluthi ya juu tu, acha iliyobaki ilikalie karo. Mvua zikishakata, pima tope kabla ya kuita gari. Chukua ufito mrefu, ufunge kitambaa cheupe, usukume mpaka chini, subiri dakika chache, utoe polepole. Tope litaacha weusi. Likifika theluthi ya kina cha maji, vuta, kisha jaza maji safi siku hiyohiyo. Anayeweka karo jipya bondeni alifunge kwa mikanda kwenye sakafu ya zege. Kwa karo hilo la lita 3000 hesabu zege kama mita za ujazo mbili, siyo kipande cha kusimamia.

Koki Kavu
Hayo mkiyamaliza, maji safi. Mtu mmoja anayetumia ndoo kwa uangalifu anamaliza lita 50 kwa siku. Watu watano ni 250. Maji yakitoka mara moja kwa wiki unahitaji 1750, na wiki bomba likikosa kabisa hakuna akiba. Kwa hiyo tangi la 1000 ni la siku nne. Chukua pampu, tangi kubwa likae chini, achana na minara.

Mama Ndoo
Kaka, pampu bila umeme ni pambo. Tangi likae juu. Kila mita moja ya kimo inatoa baa 0.1, mita nne juu ya bafu ni 0.4, maji yanamwogesha mtu vizuri.

Koki Kavu
Na lita 1000 ni tani nzima juu ya kichwa cha mpangaji. Minara mingi ni vyuma vya dirisha vilivyochomelewa haraka.

Mama Ndoo
Ndiyo maana nasema igawe: kubwa chini, dogo la lita 250 juu, pampu inalijaza umeme ukiwepo. Bomba la kutolea liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya kitako cha tangi, tope libaki chini. Koki ya boya ibadilishwe mara inapoanza kutiririka. Mtiririko mwembamba usiku mzima unaweza kumwaga akiba ya siku. Ya kunywa, kama huna kuni wala gesi ya kuchemshia: dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 5, matone 2 kwa lita moja ya maji maangavu, subiri dakika 30. Yakiwa na ukungu yachuje kwanza, weka matone 4.

Baraza
Anayekwenda kuangalia nyumba kesho aangalie nini?

Mtaa wa Mwisho
Aende Jumatatu asubuhi, aondokee kutoka mlango wa nyumba hiyo hadi kazini, kama safari ya kweli. Siyo Jumapili mchana na gari la dalali.

Fundi wa Chemba
Ukutani nje tafuta mstari wa udongo ulionyooka, huo ndio usawa yaliofika maji ya mafuriko. Rangi mpya iliyoishia kiunoni ina sababu. Mwaga ndoo mbili chooni kwa mfuatano, kisha funua chemba iliyo karibu: maji yapite na kuondoka. Yakituama, bomba limeziba au halina mteremko. La milimita 100 linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa mita 8 ni sentimita 20, na hizo zinaonekana kwa kamba na maji ndani ya mpira mwangavu wa bomba, ambayo kwenye ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, dakika kumi tu za kazi.