"ZOTE ZAINGIA DADA": elfu nane na mia tano zangu kwa flashi isiyowaka

Nimekaa na hasira hizi tangu Ijumaa na leo nazitoa, anayetaka kusoma asome.

Mimi si wa kazi, napiga picha kwa kupenda tu, nna Canon 2000D na ile lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55. Na nyinyi wa huku mwajua, harusi ya kike haingii mpiga picha wa kiume, mabuibui yashavuliwa, simu zakusanywa mlangoni, kwa hiyo ukiwa mwanamke na una kamera basi ushaandikwa kazi bila kuulizwa. Ijumaa mtoto wa khalati alikuwa na kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi. Kile kiflashi kinachoinuka juu ya kamera nakijua, GN yake, yaani namba ya nguvu ya flashi, ni 9.2, gawanya kwa f/4 (f ni uwazi wa lenzi) kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga) wapata mita mbili na kidogo ambazo mwanga wafika. Mita mbili kwenye ukumbi ni meza ya mbele, na bibi harusi mwenyewe yuko jukwaani.

Basi Jumatano nkavuka feri nkaenda duka moja la kamera hapo Mombasa mjini, sitalitaja, wao wenyewe wakisoma watajijua. Kamera sikuibeba, mvua ilikuwa yanyesha. Lakini modeli nlimtajia, tena nkamuonyesha picha ya kamera yangu kwenye simu, nkamwambia ni 2000D, nataka flashi itakayofanya kazi na HII. Yule kijana wa kaunta hata hakuangalia vizuri. "Flashi ni flashi dada, zote zaingia." Akatoa moja ya manyuali, ile isiyo na TTL (TTL ni flashi na kamera kuongea zenyewe kupima mwanga), akatia betri nne, akabonyeza kile kitufe cha TEST, paa! macho yangu yakaona nyota. "Umeona? Mzima kabisa. Na hii ni GN 60, yapiga mita sitini."

Mita sitini! Nlikuwa sijui wakati ule. GN 60 si mita sitini, hiyo namba waigawa kwa f. Kwa f/5.6 ni mita kumi na kitu, tena hiyo 60 hupimwa kichwa cha flashi kimezumiwa mpaka 200mm, ukikirudisha kwenye upana wa lenzi yangu nguvu zashuka sana, ukibaunsi, yaani ukiurusha mwanga kwenye dari urudi chini, zashuka tena. Lakini nani ataniambia? Nkatuma M-Pesa 8,500, nkapewa risiti ina muhuri ati mali ikiuzwa hairudishwi, nkaondoka nacheka peke yangu kwenye tuktuk.

Nyumbani usiku nkaichomeka, ikaingia vizuri, nkakaza ile ringi. Nkapiga, haikuwaka. Nkasema labda mimi ndio sijui, menyu zenyewe nyingi, nkabadilisha betri, nkashusha spidi ya shata mpaka 1/200 ya sekunde, nkawasha nkazima, nkafuta kwa kitambaa, hakuna. Nkibonyeza TEST yawaka. Nkipiga picha, kimya. Alhamisi kutwa niko jikoni kwa khalati na mapishi, sikupata hata dakika ya kuvuka kuirudisha, nkajipa moyo kwamba nitaijulia huko huko ukumbini.

Sasa Ijumaa. Taa zimezimwa, zimebaki zile za rangi za DJ, bibi harusi anaingia, vigelegele, na mimi nimepiga magoti mbele ya jukwaa nabonyeza kamera napata weusi mtupu. Khalati yuko nyuma yangu, "Mbona huwashi taa mwanangu?" Wallahi nlitaka zulia linimeze. Nkaivua nkainua kile kiflashi cha kamera. Mwaijua picha yake: uso unang'aa kama umepakwa samli, foundesheni imekuwa nyeupe, dhahabu yote imekuwa doa la mwanga, na nyuma ya kichwa kivuli cheusi ukutani kama kuna mtu wa pili amejificha. Picha za kitambulisho. Hina ilichorwa kwa masaa manne na haionekani.

Jumamosi nkarudi dukani, mara hii na kamera. Unajua nliambiwa nini? "Kamera yako ndio mbovu, ipeleke kwa fundi." Nkaenda kwa fundi kama mjinga, mia tano, akanirudishia, akasema haina shida.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa studio ya picha za pasipoti, upande wa Mwembe Tayari. Hakufungua chochote. Aliichukua kamera, akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akaniita nitazame pale juu flashi inapoingizwa. "Hesabu vidoti." Vinne, vidogo. Akatoa 1100D yake ya zamani, imechubuka mpaka rangi, akaniambia hesabu na hapa. Vitano: vile vinne na kimoja kikubwa katikati. Akaichomeka flashi yangu kwenye yake, paa! Ikawaka mara ya kwanza.

Kumbe hicho cha katikati ndicho kinachoiambia flashi ya manyuali iwake, na kwenye 2000D, 4000D na 250D Canon hawakukiweka. Hizo zataka flashi inayoongea E-TTL, ile TTL ya Canon, kupitia vile vinne, yaani za Canon wenyewe, au zile za kampuni nyengine zilizotengenezwa kwa Canon na zikapata apdeti ya firmwea, ile programu ya ndani ya flashi. Flashi ya kawaida yaingia, ndio. Hata kijiti cha mswaki chaingia.

Mimi na Canon sina kesi. Kesi yangu ni na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza hizi vitu, nimemtajia modeli, nimemuonyesha picha, na yeye anipiga TEST mkononi kama mchezo wa kiinimacho. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 chasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua. Muhuri wa risiti wafuta Katiba tangu lini?

Na nyinyi wa kwenye magrupu ya picha mnaojibu kila mtu "chukua yoyote sis, anza na ya bei nafuu", nyinyi pia. Hamuulizi mtu ana kamera gani.

(Zile betri alizonipa kama zawadi zimeandikwa 5000mAh, yaani kiasi cha chaji. AA ya kuchaji ya ukweli huwa 1900 mpaka 2500 hivi. Zilikufa kabla ya biriani.)

Mzee alinionyesha ujanja mmoja: flashi naiweka kwenye modi ya S2, ile ya kuwaka ikiona flashi nyengine, naisimamisha pembeni, kiflashi cha kamera kikiwaka nayo inakiona inawaka. Nimejaribu kwa nyanya Mji wa Kale na yafanya kazi, ila kule dari ni boriti nyeusi zanywa mwanga wote, na nkibaunsi kwenye ukuta wake wa kijani nyanya atoka kijani kama mchicha. Na kwenye harusi ikiwa kuna mpiga picha mwengine, yangu itawaka na ya kwake.

Jumamosi hii narudi. Mzee kakubali kuniazima 1100D, nitaziweka zote mbili juu ya kaunta, wateja wakiwa wamejaa, ahesabu vidoti mwenyewe kwa sauti. Na kama kuna mtu hapa anauza flashi ya TTL ya Canon, used hata, anitafute inbox, lakini tutakutana nikiwa na kamera yangu, na itawaka juu yake kabla sijashika simu kutuma pesa.