FM24 na Hereford FC: Desemba naongoza ligi, Machi sionekani. Kombe linapatikanaje?

Kona_ya_Kigamboni

Wakuu, heshima kwenu.

Nacheza Football Manager 2024 (FM24), gemu ya kompyuta ya kuwa kocha wa timu, nimechukua Hereford FC ya Uingereza, National League North, daraja la 6. Nimewapenda kwa historia yao. Klabu ya zamani, Hereford United, ndiyo iliyoitoa Newcastle kwenye Kombe la FA mwaka 1972, kwa lile shuti la mbali la Ronnie Radford kwenye tope. Ikavunjwa kwa madeni Desemba 2014, mashabiki wakaanzisha hii ya sasa. Hii mpya imecheza fainali mbili Wembley, FA Vase 2016 na FA Trophy 2021 (makombe ya timu za madaraja ya chini), zote wakafungwa. Nikasema basi, kombe lao la Wembley nitawapa mimi.

Sasa shida. Msimu unaanza vizuri, Krismasi inanikuta kileleni. Ikiingia Februari timu inakata pumzi: sare, kipigo, sare, majeruhi watatu kwa mpigo. Nimemaliza wa 8, na mchujo wa kupanda unaishia kwa wa 7. FA Trophy nimetolewa robo fainali na timu ya daraja la 7, tena nyumbani.

Mfumo ni 4-2-3-1, pasi fupi, tunajenga kuanzia kwa kipa, presha ya juu. Bajeti ya mishahara imejaa hadi shingoni. Wa mkopo ninao sita na ndio wananibeba. Mnaochukua vikombe na timu za chini mnafanyaje? Na tafadhali asije mtu hapa akaniambia "rudia sevu", yaani nirudi kwenye gemu niliyohifadhi nicheze upya mechi niliyofungwa.

Straika_Mstaafu

Rudia sevu 😂

Mzee_wa_Benchi

Straika, hebu tuache watu wazima tuongee.

Mdogo wangu Kigamboni, gemu hizi nimeanza nazo zama za Championship Manager 01/02 kwenye intaneti kafe, enzi ambazo kila mtu alikuwa anamsajili Tonton Zola Moukoko, yule kijana mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa Derby County. Tangu hapo timu kubwa sizigusi, zinanichosha. Kwa hiyo nisikilize.

4-2-3-1 yako haina kesi. Kesi iko kwenye kalenda na kwenye nyasi.

Ligi yako ina timu 24, yaani mechi 46. Kombe la FA unalianza Septemba kwenye raundi za mchujo. FA Trophy nayo inakusubiri. Baridi ikikaza mechi zinaahirishwa, halafu zinarundikwa Jumanne na Jumamosi mfululizo. Sasa fungua mikataba ya vijana wako: daraja hilo limejaa wachezaji wa muda, watu wenye ajira zao wanaokuja mazoezini jioni chache kwa wiki. Mtu kama huyo unamtaka akabe juu dakika 90 kila baada ya siku tatu? Februari lazima akudai.

Nyasi: ingia ukurasa wa uwanja mwezi wa Januari usome hali yake. Agosti mpira unateleza, Januari unanasa. Na beki wako wa kati, ambaye utulivu wake ni 6 kati ya 20, bado ana maagizo yako ya kuanza taratibu na kipa! Hayo ni mabao ya bure unagawa. Mimi kuanzia mwishoni mwa Novemba nabadilisha: 4-4-2, mpira unaenda mbele mapema, straika mmoja mrefu na mmoja mwenye mbio, presha inaanzia katikati. Hakuna atakayekusifia kwa soka la kuvutia. Nani anakumbuka uzuri wa pasi za timu iliyomaliza ya 8?

Kwenye usajili, madaraja hayo usidanganyike na ufundi. Naangalia kasi ya kuanzia, mbio, nguvu, kuruka, pumzi, na kujituma. Winga mwenye mbio 14 na pasi 6 atakupa mabao kuliko fundi mwenye mbio 8, kwa sababu mabeki wa kule hawageuki. Ufundi nautafuta kwa mtu mmoja tu, mpiga kona na faulo. Tena FM24 wameipanga upya sehemu ya mipira iliyokufa na unaweza kuajiri kocha wake. Muajiri huyo kabla hujamfikiria straika mpya.

Kuwapata: mwisho wa Juni mikataba inaisha, na akademi za klabu kubwa zinaachia vijana wa miaka 18 na 19 kwa mafungu. Wengi wao hawakuwa wabaya, walikosa nafasi tu. Waite majaribio, watazame kwenye mechi za kirafiki, chukua wawili watatu. Mshahara uwe mdogo, posho ya kucheza iwe nene. Na ile posho ya kukaa benchi bila kuingia, ifute kwenye kila mkataba. Inakula hela kimyakimya.

Hao sita wa mkopo ndio wananitia wasiwasi kuliko vyote. Kwanza kuna kikomo cha wa mkopo kwenye orodha ya siku ya mechi, soma kanuni za ligi. Pili, kijana wa mkopo akiwaka, Januari mwenye mali anamrudisha. Rudi kwenye sevu yako uangalie nani aliondoka dirisha lile, nadhani utapata sehemu ya jibu la Februari yako. Mimi nachukua wa mkopo kwa ajili ya kuziba pengo. Uti wa mgongo, yaani kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji na straika, lazima wawe wangu.

Kuhusu kombe lenyewe: Kombe la FA kule chini ni biashara. Cheza upate zawadi za raundi, ukibahatika kufika raundi ya tatu upangiwe timu ya Ligi Kuu ugenini, mgao wa viingilio utakulipia mishahara ya miezi. Ila kombe la kulipeleka Hereford ni FA Trophy, na si ndoto. North Ferriby United walilibeba 2015 wakiwa daraja la 6 kama wewe, wakaifunga Wrexham kwa penalti. Brackley Town wakalibeba 2018 wakiwa kwenye ligi hiyohiyo yako. Na waliowafunga hao Hereford wako 2021 ni Hornchurch, timu ya daraja la 7. Kwa hiyo kutolewa na daraja la 7 wala usione aibu, ni mila ya klabu.

Kwa mechi za Trophy pumzisha watu kwenye ligi Jumamosi inayotangulia, hata kama unaongoza. Hapo ndipo wengi roho inawauma, nami nasema iume tu.

Mwana_Likoni

Mzee wa Benchi, shikamoo. Nakupinga kidogo kwenye presha.

Mimi nakaba juu msimu mzima na sibadilishi, ila kikosi changu wastani wa umri ni miaka 21 na hakuna anayeanza mechi tatu mfululizo ndani ya wiki. Miguu ya vijana yapona haraka. Tena kama mtu ataka vikombe bila mateso, aende Scotland: chini ya Ligi Kuu kuna madaraja matatu ya timu 10 kila moja, mechi 36 basi. Wapinzani wakutana nao mara nne, ukishamjua kipa mbovu wamjua mwaka mzima. Uingereza ni mechi 46 na tope, wajitesea nini?

Mzee_wa_Benchi

Marahaba Likoni. Kwa mechi 36 hata mimi ningekaba juu. Tatizo ni hela: ukizungusha vijana ishirini na kitu, ishirini na kitu unawalipa, na jamaa kasema bajeti imejaa. Pia vijana watupu kwenye mechi ya mtoano, mko nyuma bao moja dakika ya 80, wanapotea. Nahodha wa miaka 33 mwenye ari 17 hata akitembea ananifaa.

Kona_ya_Kigamboni

Mzee, nimefungua sevu. Beki wangu wa kati bora na winga wa kulia, wote wa mkopo, walirudishwa tarehe za mwanzo za Januari. Sikuunganisha kabisa.

Scotland siendi, Likoni, nimeshawapenda hawa. Wenzangu wanaotesa mjini wamepanda na Wrexham misimu mitatu mfululizo kama ilivyotokea kweli, 2023 hadi 2025, mimi nabaki na ng'ombe wangu (Hereford wanaitwa "The Bulls", mafahali).

Swali la mwisho: nina beki ana kuruka 16 na nguvu 15 lakini kwa kona msimu mzima kafunga bao moja. Namuweka wapi?

Mzee_wa_Benchi

Bao moja na kuruka 16? Bila shaka umemwacha katikati ya boksi anasongwa na kundi.

Kona iwe inayoingia ndani, ilenge nguzo ya karibu. Huyo beki mpe kazi ya kushambulia nguzo hiyo akitokea nyuma kidogo. Mbele yake weka mtu mmoja mwenye nguvu wa kumzuia anayemkaba beki wako, na mwingine asimame kwa kipa amsumbue. Nguzo ya mbali aende straika, kwa mipira inayopitiliza. Wawili wabaki nyuma, wale wenye mbio, siyo wale wazito. Mpigaji upande wa kulia awe wa mguu wa kushoto, na kinyume chake. Kama huna wa mguu wa kushoto, huyo ndiye usajili wako wa kwanza Julai, hata kama hajui kitu kingine.

Na Wrexham usiwaonee wivu, wale wana hela za wamiliki wao, waigizaji wa Hollywood. Mfano wako uwe Luton: walitoka daraja la 5 mwaka 2014, Ligi Kuu wakaingia 2023.

Straika_Mstaafu

Mimi nilitania jamani. Ila hiyo ya posho ya benchi nimeenda kuangalia kwangu, nalipa watu kumi na wawili kukaa 🙆🏾‍♂️